Miti ya Kuzuia Upepo Isiwe ya Aina Moja

Mkulima, tazama ile safu ya miti inayozuia upepo shambani mwako, kisha uhesabu ina aina ngapi. Wengi watapata moja tu, nayo ni saipresi. Si ajabu. Mashamba mengi ya skimu yaliyogawanywa tangu 1962 yalirithi safu hizo kutoka kwa walowezi, na saipresi humea upesi na kutoa mbao nzuri. Lakini sharti tujue yaliyoipata.

Zamani saipresi iitwayo macrocarpa ilipandwa sana. Katika miaka ya 1950 ikashikwa na ugonjwa wa kuvu unaotia vidonda kwenye gome, basi ikaachwa na lusitanica ikapandwa mahali pake. Mwaka 1990 vidukari wa saipresi, wadudu wadogo wafyonzao utomvu, walionekana Kenya kwa mara ya kwanza, na lusitanica nyingi zikakauka. Adui alikuwa mwingine, lakini kosa lilikuwa lile lile: mti wa aina moja, safu ndefu, tawi likigusana na tawi.

Siku hizi hatari imezidi, kwa kuwa mvua haishiki majira yake. Kutoka mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 mvua zilipungua misimu mitano mfululizo katika sehemu kavu za nchi. Kisha Aprili na Mei 2024 yakaja mafuriko. Mti wenye kiu hauna nguvu za kustahimili wadudu, na kidukari hudhuru zaidi wakati wa kiangazi.

Kwa hiyo ukipanda upya, changanya. Mutamaiyo hukua polepole lakini huvumilia ukavu. Mukinduri na mukima hufaa pasipo na baridi kali mno, na muiri hupenda mahali penye unyevu. Mtarakwa ni mti mzuri wa kwetu, lakini usidhani ni kinga: ni jamaa ya saipresi, na kidukari huyo huyo huula. Mkaratusi usiuweke karibu na chemchemi.

Mche hupandwa mvua zikisha kulowesha udongo, si baada ya manyunyu ya kwanza. Chimba shimo la futi moja na nusu. Ondoa mfuko wa plastiki wote (wako wanaouacha ili kuokoa muda!) na ukate mizizi iliyojizungusha chini, maana mti wenye mizizi iliyofungana hauwezi kufuata maji chini ardhini. Palilia nyasi hatua moja kuuzunguka, utandaze majani makavu yasiyogusa shina. Zuia mbuzi.

Kiangazi kikifika, fungua matawi ya saipresi uliyo nayo utazame ndani. Ukiona majani yanageuka kahawia na weusi kama masizi, mwite Bwana Shamba au afisa wa misitu kabla hujachukua shoka.