Boliti Iliyokwama Isikukoseshe Riziki: Kufungua Injini ya Pikipiki Nyumbani

Kwa mhudumu wa bodaboda anayebeba mizigo kutoka Marikiti, siku moja ya pikipiki kulala ni siku moja bila mapato, na mkopo wa pikipiki hausubiri. Ndiyo maana wakazi wengi wa kisiwani hufungua injini wenyewe, barazani au kwenye uchochoro, badala ya kumpelekea fundi kila hitilafu. Hakuna ubaya. Tatizo ni kwamba injini nyingi huharibika zaidi wakati wa kufunguliwa kuliko zilivyokuwa zimeharibika mwanzo. Gasketi ya bei ndogo ndiyo iliyohitaji kubadilishwa, lakini nati moja ikagoma, mtu akaongeza nguvu, boliti ikakatika ndani ya silinda hedi, na sasa anatafutwa fundi wa drili.

Pwani nati hugoma kuliko bara, na sababu iko hewani. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi hushika unyevu. Boliti za injini ni za chuma, lakini hedi na silinda kwa kawaida ni za aluminiamu. Metali hizi mbili zikigusana penye unyevu wa chumvi, aluminiamu huliwa polepole na kuacha unga mweupe unaojaa kwenye nyuzi za boliti. Chuma nacho kikishika kutu huvimba, kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalitilii maanani: maji ya visima vingi vya kisiwani yana chumvi. Ukiosha pikipiki kwa maji ya kisima na kuiacha ikauke juani, umeipaka chumvi kwa mkono wako. Kama huna maji mengine, basi suuza mwisho kwa ndoo moja ya maji baridi yasiyo na chumvi, hasa penye ekzosi na chini ya injini.

Kabla ya kulaumu kutu, hesabu boliti. Sehemu nyingi zinazodaiwa "zimekwama" bado zimefungwa. Silinda ya pikipiki ndogo mara nyingi huwa na boliti moja au mbili nyembamba ubavuni, upande wa cheni ya ndani, zilizofichwa na matope na mafuta. Mtu hufungua nati nne kubwa za juu, kisha anapiga nyundo nusu saa. Safisha kwanza kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, uone unachofungua. Chukua kipande cha katoni, kitoboe matundu kwa mpangilio wa boliti kwenye injini, na kila boliti unayotoa ichomeke mahali pake. Utashukuru jioni.

Spana nayo ina maneno yake. Tumia spana ya duara au soketi inayokaa sawasawa. Spana ya mdomo na ile ya kurekebishwa ndizo zinazokula pembe za nati, na nati iliyoliwa ni kazi mara tatu. Kwa skrubu za nyota kwenye pikipiki za muundo wa Kijapani, fahamu kwamba nyota yake si sawa kabisa na ile ya bisibisi ya kawaida. Mara nyingi huwa na kitone kidogo kichwani. Bisibisi isiyo yake huteleza na kuitoboa. Ukipata bisibisi ya kugongwa kwa nyundo, ile inayozunguka kila ikipigwa, itakutoa kwenye taabu nyingi.

Dawa ya kwanza ya nati iliyogoma ni mafuta na muda, na muda ndio unaofanya kazi kubwa. Pulizia mafuta ya kupenya kutu jioni, gonga kichwa cha nati kidogo kidogo kwa nyundo nyepesi ili mafuta yaingie, kisha nenda kalale. Rudia asubuhi. Dizeli husaidia kama huna ya kununua, ila huhitaji subira zaidi. Wengine hutumia mafuta ya breki. Hayo hubabua rangi ya tangi, na soda huacha sukari inayonata. Ukianza kufungua, kaza kwanza kiasi kidogo sana, usikie mlio wa kutu kuvunjika, kisha legeza robo mzunguko, rudisha, legeza tena. Nati ikianza kuhisi laini kama inanyumbulika badala ya kuzunguka, acha. Hiyo ni boliti inayokaribia kukatika.

Nati za ekzosi ndizo sugu kuliko zote, kwa kuwa huchomwa na kupoa kila siku. Hapa joto husaidia. Kwa joto lile lile, aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma, hivyo hedi ikipata moto huachia boliti iliyomo. Lakini tunasisitiza: usiwashe tochi ya gesi kwenye pikipiki yenye tangi. Toa tangi na kaburetta, vipeleke mbali, na kumbuka kwamba mafuta ya kupenya kutu yenyewe hushika moto. Katika Mji wa Kale nyumba zimeshikana, zina roshani na ngazi za mbao, na vichochoro vingine havipitishi gari la zimamoto. Kwa mkazi wa huko, ushauri wetu ni mmoja: kazi ya moto ipelekwe gereji ya wazi. Ndoo ya mchanga iwe karibu, watoto wawe mbali, na moto ukizuka piga 999 au 112 mapema.

Plagi hutolewa injini ikiwa imepoa, kwa sababu nyuzi za aluminiamu zikiwa moto hung'oka kwa urahisi. Ikigoma kabisa, washa injini ipate vuguvugu tu, zima, weka mafuta, subiri. Puliza mchanga uliozunguka plagi kabla ya kuitoa, usije ukaingia ndani ya silinda.

Sumaku ya umeme ya pikipiki haitolewi kwa nyundo. Imekaa kwenye shafti ya mteremko na hutaka pula yake maalum. Kupiga nyundo hupasua sumaku au kupinda shafti. Silinda nayo usiingize bisibisi kati ya mapezi yake, yatavunjika. Weka kipande cha mbao penye unene na ugonge kwa nyundo ya mpira, pande zote kwa zamu.

Na boliti ikikatika? Ikiwa imebaki nje kiasi cha kutosha, funga nati mbili juu yake, zibanane, kisha zungusha ile ya chini. Ikiwa imekatika sawa na hedi, tunashauri uishie hapo. Kifaa cha kung'olea kikivunjika ndani ni kigumu kuliko drili ya kawaida, na fundi mzuri anaweza kuchomelea nati juu ya kipande kilichobaki akakitoa salama.

Mafuta machafu ya injini yasimwagwe kwenye mtaro. Mitaro ya mvua ya kisiwani huishia baharini, na Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 inakataza uchafuzi huo. Yaweke kwenye mtungi wenye kifuniko na umpe anayekusanya mafuta hayo. Nawa mikono kwa sabuni, kwani mafuta hayo yakizoeleka kwenye ngozi yanaweza kuleta saratani.

Wakati wa kurudisha, safisha nyuzi, anza kila boliti kwa vidole, na paka nyuzi za ekzosi grisi ya shaba. Washa injini ipate moto, izime ipoe kabisa, kisha pitia nati za ekzosi mara moja tena kabla ya kuchukua abiria.