Dondoo muhimu: Kutoka Mafia hadi Kilwa Masoko kwa ndege

Kwa mstari ulionyooka ni takriban kilomita 110 tu. Ndege ndogo aina ya Cessna Caravan hukata kama kilomita 300 kwa saa, kwa hiyo hesabu ni dakika 22; ongeza 10 za kupaa, kugeuka na kutua. Basi.

Ila usiulize umbali peke yake. Uliza, "Inatua wapi njiani?" Ikibidi upitie Dar es Salaam, utapelekwa kaskazini kwanza ndipo urudi kusini, na nusu saa inageuka nusu siku.

Soma saa ya tiketi kwa makini: 08:30 ni saa 2:30 asubuhi. Kuna wanaofika uwanjani ndege ikiwa imeshapaa!

Mzigo mara nyingi ni kilo 15, kwenye begi laini. Sanduku gumu halikunjiki kuingia tumboni mwa ndege. Usishangae ukiambiwa upande mizani wewe mwenyewe, pochi mkononi.

Ndege ikikosekana: boti Kilindoni hadi Nyamisati, gari hadi Kibiti, kisha kusini mpaka Nangurukuru, ukate kushoto. Beba maji.