Maji, Alama na Mkono wa Mungu

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: 2 Wafalme 5:1–27, Luka 4:27, Hesabu 21:4–9, 2 Wafalme 18:1–4, Matendo 8:9–24, Yakobo 5:13–16.

Fungu la kukariri: Matendo 8:20, mahali Petro anapomkemea Simoni kwa kudhani kwamba karama ya Mungu hupatikana kwa fedha.

Kila mwaka, tarehe 27 Februari, watu hukusanyika katika Makumbusho ya Majimaji mjini Songea kuwakumbuka wapiganaji walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake, naye alinyongwa. Walikuwa na sababu za haki za kupigana: kodi, kazi za shokoa, viboko, kudharauliwa katika nchi yao wenyewe. Lakini wengi waliingia vitani wakiwa na kitu kimoja zaidi. Dawa iliyoanza kugawiwa na Kinjikitile Ngwale huko Ngarambe ilifika Ungoni mwaka 1905, ikiwa na ahadi kwamba risasi za Wajerumani zingegeuka maji. Hazikugeuka. Na njaa iliyofuata iliua wengi kuliko bunduki.

Kusema hivyo hakupunguzi ushujaa wao. Swali la juma hili ni jingine: mtu aliye hatarini anapopewa kitu na kuambiwa kwamba nguvu imo ndani yake, anakuwa ameyaweka maisha yake mikononi mwa nani?

JUMAPILI
Kikombe cha Samunge na alama za Japani

Mwaka 2011 magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi kuelekea Samunge, Loliondo, ambako mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alitoa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500. Bei haikuwa kubwa. Jambo la kuangalia ni sharti lake: dawa ilifanya kazi ikitoka mkononi mwake tu. Mizizi ileile, ikichemshwa na mtu mwingine, haikuhesabiwa kitu.

Wapo wanaodhani mambo hayo ni ya vijijini, na kwamba mtu aliyesoma hayamgusi. Basi na waitazame Reiki. Ilianza Japani kwa Mikao Usui. Wafuasi wake husimulia kwamba aliipokea mwaka 1922 baada ya kufunga siku 21 katika mlima Kurama. Hawayo Takata, Mmarekani wa asili ya Kijapani kutoka Hawaii, ndiye aliyeieneza Marekani. Katika ngazi ya kwanza mwanafunzi hufundishwa kuweka mikono juu ya mgonjwa. Katika ngazi ya pili hupewa alama tatu: Cho Ku Rei ya kuongeza nguvu, Sei He Ki ya kutuliza moyo na akili, na Hon Sha Ze Sho Nen ya kumtumia nguvu mgonjwa aliye mbali. Anayefika ngazi ya umwalimu huongezewa ya nne, Dai Ko Myo, na ndipo huruhusiwa kuwafungulia wengine njia ya nguvu hiyo. Alama huchorwa hewani kwa mkono huku jina lake likitajwa.

Kwa miaka mingi alama hizo zilikuwa siri, na Takata alitoza dola 10,000 kwa ngazi ya umwalimu. Alifariki mwaka 1980. Walimu wa Reiki wenyewe husimulia kwamba wanafunzi wake walipokuja kulinganisha michoro yao, waliona haifanani. Kama nguvu imo katika mchoro, ni mchoro wa nani? Leo kozi hizo zinauzwa kwenye intaneti kwa lugha ya kisomi, na kijana wa Songea mwenye simu anaweza kuzikuta bila kutoka kitandani.

JUMATATU
Naamani alitaka mkono upungwe

Soma 2 Wafalme 5:1–14. Naamani alitazamia nini Elisha afanye, na kwa nini alikasirika?

Fungu la 11 linastahili kusomwa polepole darasani. Jemadari huyu alikuwa na picha kamili ya uponyaji kichwani mwake: mtu wa Mungu atatoka nje, atasimama, atataja jina la Bwana, atapunga mkono juu ya mahali penye ugonjwa. Elisha hakutoka hata mlangoni. Alimtuma mjumbe, na maagizo yalikuwa mepesi kiasi cha kumuudhi mtu mkubwa: nenda Yordani ukaoge mara saba.

Kwa kutokuonekana, Elisha alimnyima Naamani kitu cha kushikilia, kwa kuwa hapakuwa na mkono wa nabii wa kusifiwa wala maneno ya kujifunza na kuyarudia nyumbani Shamu. Je, maji ya Yordani yalikuwa na nguvu? Yesu alijibu karne nyingi baadaye, aliposema kwamba wenye ukoma walikuwa wengi katika Israeli siku za Elisha, wala hakutakaswa mmoja wao ila Naamani (Luka 4:27). Mto ulikuwa uleule, karibu nao kuliko ulivyokuwa kwa Mshami. Hakuna aliyeuchota na kuuza.

Kisha inakuja zawadi, na Elisha anaapa kwamba hatapokea (fungu la 16). Gehazi, aliyekimbilia gari la Naamani kwa talanta za fedha na mavazi, hakudai kwamba yeye ameponya. Aliweka bei tu juu ya kile ambacho Mungu alikuwa ametoa bure, na akarudi na ukoma.

JUMANNE
Ishara inapogeuka mali

Linganisha Hesabu 21:8, 9 na 2 Wafalme 18:4. Kitu kilichoagizwa na Mungu kiliwezaje kuwa cha kuvunjwa?

Nyoka wa shaba hakuwa uganga. Mungu mwenyewe aliagiza atengenezwe. Lakini Israeli walimtunza kwa karne kadhaa, wakamfukizia uvumba. Hezekia alimvunja vipande vipande, akamwita Nehushtani, kipande cha shaba. Ni mfalme gani wa leo angethubutu kuvunja kitu kilichotengenezwa na Musa?

JUMATANO
Simoni na kozi yake

Soma Matendo 8:18–24. Simoni hakuomba kuponywa. Aliomba uwezo wa kuwapa wengine kwa kuweka mikono yake, yaani ngazi ya umwalimu, na alikuwa tayari kulipa. Alikuwa ameshabatizwa (fungu la 13).

ALHAMISI
Mafuta ya wazee

Yakobo 5:14 inaagiza mafuta, na Waadventista huyatumia. Hivyo hatari haiko Japani na Loliondo tu. Mgonjwa anayeomba chupa ya mafuta ibaki nyumbani kwake “kwa ajili ya usiku” anahitaji kufundishwa kwa upole kwamba Yakobo ameiweka ahadi katika Bwana na katika maombi ya imani.

Kuna jambo jingine lisilopendeza kulisema. Mtaalamu wa Reiki hukaa na mgonjwa karibu saa nzima. Humsikiliza, humgusa taratibu. Nguvu anayoisema haijawahi kuonekana katika kipimo chochote, lakini saa ile ni ya kweli, na mgonjwa huondoka akiwa ametulia. Mzee wa kanisa hufika, husimama karibu na mlango, huomba dakika tatu, hutazama saa. Mama mwenye mtoto wa selimundu, aliyelazwa naye mara nne kwa mwaka, hahitaji kuwa mpagani ili aende kwa anayemsikiliza. Ujumbe wa afya unamwambia asiache kliniki na dawa za daktari. Je, ni nani kanisani atakayemsindikiza huko?

IJUMAA
Kwa kutafakari zaidi

Maswali ya kujadili:

1. Darasa lina mshiriki aliyejiunga na kozi ya nishati ya uponyaji kwenye simu na anasema analala vizuri tangu aanze. Mazungumzo naye yaanzie wapi?

2. Katika nyumba zetu, ni kitu gani kimeshakuwa Nehushtani?

3. Taja wagonjwa wa kanisa lenu waliougua zaidi ya mwezi mmoja. Ni nani aliyekaa nao kwa saa nzima juma hili?