Pakiti Moja, Lita Moja: Kwa Nini Chumvichumvi Haikorogwi Nzito

Kata kitunguu cha kachumbari, kinyunyizie chumvi, kiache dakika 10. Ukirudi utakuta bakuli lina maji ambayo hukuyamimina. Yametoka ndani ya kitunguu chenyewe. Chukua tena mchicha ulionyauka juani, uloweke kwenye beseni la maji, na baada ya muda majani yanasimama. Jambo ni lile lile, na jina lake ni osmosisi: maji hupenya utando mwembamba wa seli kutoka upande wenye chumvi au sukari kidogo kwenda upande ulio nazo kwa wingi.

Tunaanzia jikoni kwa sababu osmosisi hiyo hiyo ndiyo inayoamua kama ORS, ile chumvichumvi ya pakiti, itamwokoa mtoto anayeharisha au itamzidishia.

Seli ya mmea ina ukuta mgumu nje ya utando wake. Ikijaa maji hukakamaa tu, haipasuki. Seli zetu hazina ukuta huo. Chembe nyekundu ya damu ikiwekwa kwenye maji matupu huvimba mpaka ikapasuka. Kwenye maji ya chumvi kali husinyaa. Ndiyo maana dripu ya chumvi ya hospitali hupimwa gramu 9 za chumvi kwa kila lita, kiasi kisichozivimbisha seli wala kuzikausha. Maji ya bahari yana takriban gramu 35, na mvuvi anayeyanywa kwa kiu huongeza kiu.

Mtoto anayeharisha hupoteza maji na chumvi pamoja. Utumbo hauwezi kuyavuta maji peke yake: huvuta chumvi, na maji huifuata. Chumvi nayo hupita vizuri ikiandamana na glukosi, na njia hii haifungiki hata mtu akiugua kipindupindu. Kwa hiyo sukari iliyomo kwenye pakiti haikutiwa kwa ajili ya utamu. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi huko Bangaon, India, dripu zilipokuwa zinakwisha, daktari Dilip Mahalanabis aliwanywesha wagonjwa wa kipindupindu maji ya chumvi na glukosi, na watu wengi mno wakapona.

Hapa ndugu mlezi tunakusihi usome polepole. Wapo wanaokoroga pakiti nzima kwenye kikombe kimoja, wakiamini dawa nzito ndiyo yenye nguvu. Dawa hiyo ikifika utumboni hufanya kile chumvi ilichokifanya kwa kitunguu: huyavuta maji ya mwili yaingie utumboni, na mtoto huharisha zaidi. Soda na juisi zenye sukari nyingi hufanya vivyo hivyo. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walipunguza hata chumvi na glukosi za pakiti yenyewe, kwa kuwa mchanganyiko mwepesi ulionekana kupunguza kuhara na kutapika.

Basi soma pakiti. Nyingi ni za lita 1, nyingine za nusu lita. Chupa mbili za maji za nusu lita zinatosha kupimia lita moja. Tumia maji safi yaliyochemshwa yakapoa, mimina pakiti yote, koroga, usiongeze sukari wala maziwa. Ikipita saa 24, mwaga, utengeneze nyingine. Pakiti ikikosekana, lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kufuta, vitasaidia wakati unaitafuta. Chumvi usiikadirie kwa kiganja.

Aliye chini ya miaka 2 mpe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha; mkubwa zaidi, 100 hadi 200. Akitapika, subiri dakika 10, kisha rudia kijiko kwa kijiko. Anayenyonya aendelee kunyonya. Ulizia pia vidonge vya zinki kituoni.

Macho yakibonyea, akilegea, akishindwa kunywa, akipata degedege au choo kikiwa na damu, mpeleke kituo cha afya mara moja. Kama bado anaweza kumeza, beba chupa ya ORS na kijiko, umnyweshe mkiwa njiani.