Mipangilio ya Prosesa na Vifaa vya Ndani katika Seva

Seva iwashwapo, programu iliyohifadhiwa katika bodi kuu huvitayarisha vifaa kabla mfumo endeshi haujaanza. Mlango wa mtandao uliomo katika bodi hiyo, ukizimwa kwenye mipangilio yake, mfumo endeshi hautauona. Fundi mgeni aweza kudhani umeharibika.

Kuhusu prosesa, uamuzi ni mgumu zaidi. Mwaka 2002 Intel ilitoa prosesa za Xeon ambazo kiini kimoja huonekana kama viwili, ili nafasi inayoachwa na kazi moja itumiwe na nyingine. Mwaka 2018 ilibainika kwamba katika prosesa nyingi za kampuni hiyo, programu iliyo upande mmoja yaweza kuchungulia data ya upande wa pili, kwa kuwa pande zote hutumia ghala moja dogo la kumbukumbu. Msimamizi akiuzima mpango huo, mwanya hufungwa, ingawa kazi nyingi hupungua kasi. Penye wateja wasiojuana ndani ya seva moja, hasara hiyo ni nafuu.