Ukungu nyuma ya kitanda

Swali: Napanga chumba Nyamityobora, Mbarara. Ukuta nyuma ya kitanda umeota ukungu mweusi. Nikipaka rangi, unarudi. Nifanyeje?

Jibu: Rangi huficha tu, chanzo ni maji. Bandika kipande cha kavera (plastiki) ukutani, ziba kingo zote kwa selotepu, ngoja siku 2. Matone yakiwa upande wa ukuta, maji yanatoka ukutani: mwambie mwenye nyumba akague paa, mifereji na udongo uliorundikana nje. Yakiwa upande wa chumba, ni mvuke wa kupikia na pumzi: sogeza kitanda, fungua dirisha. Kisha funika pua, sugua ukungu kwa maji ya sabuni, acha ukuta ukauke kabisa ndipo upake rangi. Nanyi ndugu wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale wenye nyumba za tope, msizipige plasta ya saruji. Hufungia unyevu ndani.