Shambani Usiingie Bila Daftari

"Dada, nimeanza mwaka wa kwanza chuo cha kilimo, nakaa bweni. Tangu tufike ni jembe tu. Viganja vimejaa malengelenge, na nyumbani wananitania eti nimekwenda kusomea kulima, kazi ambayo bibi anaifanya bila cheti. Nimeanza kujuta."

Pole na malengelenge, mdogo wangu, na hongera kwa kupata nafasi. Nakujibu wewe, lakini wenzako wa vyuo vya Uyole, Ilonga, Tengeru na Ukiriguru nao wasogee wasikie, maana najua swali hili linawakereketa wengi.

Bibi anajua kulima, na hilo usibishane nalo. Wewe umekwenda kutafuta sababu za yale anayoyafanya, na namna ya kuyapima. Chukua mahindi. Mnaambiwa mistari iachane sentimita 75, shimo hadi shimo sentimita 30, mche mmoja kila shimo. Ukichimba mashimo, ukanawa mikono na kwenda kula, umefanya kibarua. Mwanafunzi anakaa chini na daftari: mita 0.75 mara 0.30 ni mita za mraba 0.225 kwa kila mche, kwa hiyo hekta moja inabeba miche 44,000 na kitu. Ukishapata hesabu hiyo, unaweza kukadiria mbegu na mbolea, na ukihesabu mapengo baada ya kuota unajua mkulima amepoteza kiasi gani. Akikuuliza kwa nini asibananishe apate zaidi, utamweleza miche itakavyogombania mwanga, maji na chakula. Jasho ni lile lile la kibarua, lakini wewe umetoka shambani na kitu.

Jambo hili Mwalimu Nyerere alilisema mapema, mwaka 1967, alipoandika Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo: wanafunzi washiriki kupanga na kuamua, mahesabu yatunzwe, na waone faida ya kazi yao. Kwa hiyo mkipelekwa palizi bila maelezo, muulizeni mkufunzi kwa adabu: hapa tunajifunza nini, na tutajuaje kama tumefanikiwa? Mkufunzi anayeipenda kazi yake atafurahi kuulizwa.

Sasa zamu za bandani. Najua kuamka saa kumi na moja alfajiri kunauma, hasa Uyole kwenye ile baridi ya Mbeya. Beba sweta, na usimlipe mwenzako akushikie zamu. Kabla ya kukamua, kamulia michirizi ya kwanza kwenye kikombe chenye sehemu nyeusi na uiangalie vizuri: mabonge, majimaji au damu ni dalili ya ugonjwa wa kiwele, na ng'ombe huyo akamuliwe wa mwisho ili usiwaambukize wengine kwa mikono yako. Ng'ombe akizaa, hakikisha ndama ananyonya dang'a saa zile za mwanzo. Ndama huzaliwa bila kinga kutoka kwa mama yake, na utumbo wake huipokea ile iliyomo kwenye dang'a kwa muda mfupi tu. Kufikia kesho yake mlango umeshafungwa. Maneno haya yamo kwenye kitabu, lakini kujua kwa kidole kwamba robo moja ya kiwele ina joto kuliko nyingine kunataka uwe umeshika viwele vingi.

Kwenye viuatilifu nitakuwa mkali. Usipulizie bila gambuti, glavu, barakoa na nguo za mikono mirefu, hata kama mnaharakishwa. Soma lebo kwanza. Ukanda mwekundu ni sumu kali kuliko zote, kisha njano, bluu, na kijani mwishoni. Angalia pia siku za kusubiri kabla ya kuvuna, maana mboga hiyo huenda ikaliwa kwenye bwalo lenu. Vifaa vikikosekana, sema hapana. Huo si uvivu. Utakapokuwa bwana shamba au bibi shamba, wakulima watakuiga unavyofanya.

Wasichana, sogeeni karibu. Ukiwa kwenye hedhi na maumivu yamezidi, mwambie matroni upangiwe kazi nyepesi siku hiyo. Hakuna aibu hapo. Weka pedi na nguo ya kubadilisha kwenye mfuko unaokwenda nao shambani, maana mashamba mengine yako mbali na bweni. Na mkienda mafunzo kwa vitendo, msimamizi akianza kukuambia kwamba alama zako zinategemea umtembelee jioni, ondoka. Andika tarehe na maneno aliyosema, kisha mweleze mkufunzi unayemwamini na watu wa nyumbani. Usiibebe siri hiyo peke yako. Alama ni haki yako kwa kazi uliyofanya.

Nanyi wavulana, msiwaachie dada zenu kufagia banda na kuandika kumbukumbu huku ninyi mmeshikilia pawatila. Kila mmoja aguse kila kazi, maana kijijini mtakwenda kila mtu peke yake.

La mwisho ni ajira. Nafasi za serikali ni chache kuliko wahitimu, na sitaki uje ugundue hilo siku ya mahafali. Anza sasa. Omba uongozi wa chuo ukupe tuta moja, wewe na wenzako wawili mnaoaminiana. Pandeni mchicha, ambao huwa tayari kwa wiki tatu au nne tu. Andikeni bei ya mbegu, samadi, muda wa kumwagilia na kila fungu mliloliuza, hata kama mnunuzi ni mpishi wa chuo. Ikitoka faida, igawaneni sawa na mbakize ya mbegu. Ikitoka hasara, tafuteni sababu yake kwenye daftari kabla ya kupanda tena. Mwajiri akiuliza unajua nini, utamfungulia kurasa hizo. Na usipopata mwajiri, utajua pa kuanzia.

Mkishavuna, niandikieni mmepata mafungu mangapi.

Dada yenu